Margaret Ogola: Daktari aliyeiandikia Kenya ukoo wa wanawake

KWA wengi waliopitia shule za upili nchini Kenya, jina la Akoko halihitaji maelezo. Wapo waliokutana naye katika madarasa ya Siaya na Kisumu, ambako mila na lugha yake zilikuwa za nyumbani. Wapo pia waliokutana naye mbali na Ziwa Victoria, katika sehemu kavu za Ukambani kama vile Matinyani, kaunti ya Kitui, ambako iliwabidi kwanza wajifunze kuyatamka majina ya Kijaluo kabla ya kugundua kwamba habari waliyokuwa wakiisoma ilikuwa yao vilevile.

Akoko hakuwahi kuishi. Ni mhusika mkuu wa riwaya ya The River and the Source, iliyochapishwa na Focus mjini Nairobi mwaka wa 1994. Aliyemuumba alikuwa daktari wa watoto, Dkt Margaret Ogola, ambaye alifariki mwaka wa 2011 akiwa na umri wa miaka 53.

Ni vyema kuyakumbuka maisha ya mwandishi huyu, kwa kuwa wasomaji wake wengi wanamjua Akoko kuliko wanavyomjua yeye. Vilevile ni vyema kuuliza ni kwa nini riwaya yake, iliyoandikwa na mwanamke aliyeshinda mchana kutwa katika wadi za wagonjwa, ilifaulu kuuweka ubaguzi dhidi ya mwanamke mbele ya macho ya vijana wa taifa zima.

Masomo na udaktari

Margaret Atieno Ogola alizaliwa tarehe 12 Juni mwaka wa 1958 huko Asembo, katika eneo ambalo sasa ni kaunti ya Siaya. Alizaliwa wakati ambapo familia nyingi nchini, zikikabiliwa na uhaba wa karo, zilimpeleka mvulana shuleni na kumwacha msichana nyumbani asubiri kuolewa. Yeye alipata bahati ya kusomeshwa, naye hakuipoteza bahati hiyo.

Alisomea Shule ya Upili ya Thomson's Falls, mjini Nyahururu, kisha akajiunga na Shule ya Wasichana ya Alliance, mojawapo ya shule za kwanza nchini kuwapa wasichana wa Kiafrika elimu ya juu ya sekondari. Kutoka hapo aliingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea udaktari, akahitimu mwaka wa 1984. Mnamo 1990 alipata shahada ya uzamili katika matibabu ya watoto.

Aliolewa na daktari mwenzake, George Ogola. Wawili hao walijaliwa watoto wanne, na wakachukua wengine wawili wakawalea kama wao.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa riwaya zake hana budi kulizingatia. Ogola hakuandika kwa kuwa alikuwa na wasaa. Aliandika huku akitibu, akilea na akiendesha nyumba. Mzigo huo wa kazi tatu kwa mpigo, ambao wanawake wengi wa Afrika Mashariki wanaujua bila ya kusimuliwa, hakuusoma vitabuni.

Katika miaka ya 1990 alikuwa mkurugenzi wa matibabu katika makao ya Cottolengo, Nairobi, yanayowahudumia watoto mayatima walioambukizwa virusi vya Ukimwi. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwa zimewafikia wagonjwa wa kawaida nchini. Daktari wa watoto kama hao alijua kwamba wengi aliokuwa akiwatibu angewazika.

Watoto hao walikuwa mayatima wa akina mama waliofariki wakiwa bado vijana. Si ajabu basi kwamba katika vitabu vya Ogola kifo hakiko mbali, na mara nyingi anayebaki na mzigo wa waliofariki ni mwanamke.

Hadithi ya mama hadi kwa binti

Mbegu ya riwaya yake ya kwanza aliipata nyumbani. Mama yake alimsimulia habari za wanawake wa ukoo waliomtangulia, na hasa za bibi mmoja mzaa bibi aliyekuwa na msimamo mkali na ambaye hakukubali kuonewa. Ogola aliichukua kumbukumbu hiyo ya familia, akaipanua ikawa riwaya ya vizazi vinne.

Katika jamii nyingi za Kenya, nasaba huhesabiwa kwa wanaume. Mtu huulizwa baba yake ni nani, na baba wa baba yake ni nani. Majina ya mama, bibi na mzaa bibi hupotea baada ya kizazi kimoja au viwili, kana kwamba watoto walizaliwa na wanaume peke yao.

Ogola aliigeuza hesabu hiyo. Katika riwaya yake mnyororo unaanza na Akoko, unapita kwa bintiye Nyabera, unafika kwa mjukuu Awiti, na kutoka hapo kwa watoto wa Awiti. Wanaume wamo, na wengine ni watu wema sana, lakini anayeufuata ukoo huo sharti awafuate wanawake. Jina lenyewe la kitabu limejengwa juu ya wazo kwamba binti ndiye chemchemi ambayo mto wa ukoo hutiririka kutoka kwake.

Akoko na kiti cha Sakwa

Akoko ni binti ya chifu wa Yimbo. Anaolewa na Owuor Kembo, chifu kijana wa Sakwa, kwa mahari ya ng'ombe 30, idadi inayowashangaza watu. Mumewe anampenda na hataki kuoa mke wa pili.

Lakini mapenzi ya mume hayamkingi mke dhidi ya mila. Watoto hawaji haraka kama inavyotarajiwa, na mama mkwe anaanza kumshambulia. Anamwita mchawi aliyemfunga mwanawe asioe wengine. Kosa la Akoko, machoni pa mama huyo, ni kwamba hazai vya kutosha, na kwamba mumewe haoni kosa hilo.

Akoko hakai akalia jikoni. Anafunga safari, anarudi kwa babake, na jambo linaletwa mbele ya wazee. Anajitetea kwa kuhesabu kazi ya mikono yake na mali aliyoileta katika boma la mumewe. Huo ni utetezi wa mtu anayejua kwamba yeye si bidhaa iliyolipiwa ng'ombe.

Misiba inafuatana. Mwanawe mkubwa, Obura, anakwenda vitani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kufia Tanganyika. Mumewe anafariki. Mwana wa pili, Owang Sino, anarithi kiti cha uchifu, naye anafariki kwa kukwamwa na mwiba wa samaki, akiacha mtoto mchanga.

Hapo ndipo ubaguzi unapoonyesha sura yake kamili. Akoko, mke wa chifu na mama wa chifu, mwenye mali na heshima, ghafla hana sauti. Shemeji yake Otieno anakitwaa kiti na kuanza kuila mali ya marehemu. Kwa mujibu wa mila, mwanamke asiye na mume wala mwana aliye hai hana wa kumsemea.

Akoko anaamua kwenda Kisumu kwa miguu, kuishtakia serikali ya kikoloni. Ni safari ya siku kadhaa, ya mwanamke mzee kiasi, kuelekea kwa watu ambao lugha yao haijui. Malalamiko yake yanasikizwa, uchunguzi unafanywa, na Otieno anaondolewa.

Msomaji makini ataona kwamba ushindi huo ni nusu. Akoko hakwenda kukidai kiti chake mwenyewe, bali alikwenda kukilinda kwa niaba ya mjukuu wa kiume. Hata mwanamke jasiri kuliko wote katika kitabu hicho hawezi kusema kwamba anastahili kutawala. Anaweza tu kusema kwamba anamshikia mwanamume ambaye bado ananyonya. Ogola halizungumzii jambo hilo kwa hotuba. Analiacha lilivyo, na ukubwa wa dhuluma unaonekana wenyewe.

Mjukuu huyo hatimaye anaukataa uchifu na kuwa padri. Miaka mitano baada ya riwaya hiyo, Ogola alishirikiana na Margaret Roche kuandika maisha ya Kadinali Maurice Otunga, mwana wa chifu wa Kibukusu, ambaye naye aliuacha uchifu akachagua upadri. Yaonekana mwandishi alivutiwa na wanaume walioweza kukiona kiti cha enzi na kukipa kisogo.

Mjane aliyekataa kurithiwa

Ikiwa Akoko anapigana na mama mkwe na shemeji, bintiye Nyabera anapigana na jambo gumu zaidi, yaani desturi ambayo yeye mwenyewe anaiamini kwa muda.

Nyabera anafiwa na watoto mmoja baada ya mwingine, kisha anafiwa na mume. Anabaki na binti mmoja tu, Awiti. Kwa kuwa anatamani mwana wa kiume, anakubali kurithiwa na mwanamume wa ukoo wa mumewe. Ndoa hiyo haimletei faraja, na watoto anaozaa humo hawaishi.

Mwishowe anaondoka kwenda misheni ya Aluor, anabatizwa jina la Maria na kuanza maisha mapya. Baadaye mamake na bintiye wanamfuata. Awiti, yule binti ambaye hakutosha kwa kuwa si mvulana, anasoma, anakuwa mwalimu, na ndiye anayeuendeleza ukoo.

Mwaka wa 1987, miaka saba kabla ya riwaya hiyo kuchapishwa, Kenya nzima ilikuwa imefuatilia kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika mumewe karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama iliupa ukoo ushindi. Mke aliyeishi na marehemu kwa zaidi ya miaka 20 aliambiwa kwamba mila ya waume wa ukoo ilimshinda nguvu.

Ogola, mzaliwa wa Siaya, alikuwa wakati huo daktari kijana. Riwaya yake haiitaji kesi hiyo. Hata hivyo, aliyeisoma sura ya Nyabera akiwa na kumbukumbu ya kesi ya Otieno alijua kwamba swali la mjane na ukoo halikuwa la kale.

Kioo cha Ukambani

Ni kwa nini basi mwanafunzi wa Matinyani ajione katika habari ya Wajaluo?

Kwanza, Mkamba anazijua habari za mwanamke mwenye kauli nzito. Watoto wa Ukambani husimuliwa juu ya Syokimau, nabii wa kike wa karne ya 19, aliyetabiri kuja kwa nyoka mrefu wa chuma, yaani reli ya Mombasa hadi Kisumu iliyofika ziwani mwaka wa 1901. Wazee walimsikiza Syokimau. Lakini kumsikiza nabii mmoja si sawa na kumsikiza kila mke na kila binti.

Pili, kiu ya mwana wa kiume inafahamika vyema Kitui. Kwa mujibu wa desturi ya iweto, mwanamke aliyekosa mtoto, na hasa mwana wa kiume, aliweza kumlipia mahari mwanamke mwingine, na watoto wa huyo aliyeolewa wakahesabiwa kuwa wa nyumba ya yule aliyeoa. Wapo wanaoisifu desturi hiyo kwa kuwa ilimpa mwanamke uwezo wa kuwa na jina na ardhi. Hata hivyo, uwezo huo ulitokana na dhana ileile inayomtesa Akoko, kwamba nyumba isiyo na mwana ni nyumba iliyokufa.

Tatu, mbuzi wa ntheo wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana wa Kikamba hufanya kazi ileile ya ng'ombe wa Owuor Kembo. Ni alama ya heshima na ya kuunganisha koo mbili. Wakati uo huo, mwanamume asiye na busara anaweza kuzigeuza kuwa hati ya kummiliki mke. Kitabu cha Ogola hakiitukani mahari. Kinauliza tu ni nani anayeikumbuka, wakati gani, na kwa kusudi gani.

Aidha, kuna jambo la mto. Mito mingi ya Kitui, kama vile Tiva na Nzeeu, hukauka kwa miezi mingi na kubaki mchanga mtupu. Maji yamo chini, na wanaoyachimba kwa mikono na kata, kisha wakayabeba hadi nyumbani, aghalabu ni akina mama na mabinti zao. Msichana aliyechelewa shuleni kwa ajili ya maji hahitaji mwalimu wa kumfafanulia maana ya chemchemi.

Beijing, 1995

Mwaka wa 1995 ulikuwa mkubwa kwa Ogola. Riwaya yake ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, na pia ikapata tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza bora katika kanda ya Afrika. Baadaye iliteuliwa zaidi ya mara moja kuwa kitabu cha kutahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne, na kwa njia hiyo ikaingia katika kila pembe ya nchi.

Mwezi Septemba mwaka huohuo alikuwa Beijing, China, katika Kongamano la Nne la Dunia kuhusu Wanawake. Huko alizungumza kuhusu hadhi ya mwanamke wa Afrika.

Kwa watu wa Matinyani kongamano hilo lina uzito wa pekee. Aliyeuongoza ujumbe wa Kenya alikuwa Bi Nyiva Mwendwa, Mbunge wa Kitui Magharibi, eneobunge ambalo Matinyani imo ndani yake. Alikuwa amechaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1974, na mwaka huo wa 1995 aliteuliwa kuwa Waziri wa Utamaduni na Huduma za Jamii, mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili nchini Kenya. Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka wa 1963. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kwa mwanamke mmoja kuketi katika baraza la mawaziri.

Hivyo basi, wakati Akoko alipokuwa akiwafundisha wasomaji wa Kenya kwamba mwanamke aliweza kwenda Kisumu kudai haki, wanawake halisi wa Kenya, mmoja wao kutoka Kitui, walikuwa wamekwenda Beijing kwa madai yasiyo tofauti sana.

Katika safu ya waandishi wengine

Ogola hakuwa wa kwanza kuligusa suala hili. Grace Ogot alichapisha The Promised Land mwaka wa 1966, riwaya ambayo mke analazimika kumfuata mumewe katika uamuzi asioutaka. Mwaka uliotangulia, Ngugi wa Thiong'o alikuwa amemchora Muthoni, msichana anayekufa kutokana na tohara, katika The River Between.

Katika Kiswahili, Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka wa 1971, akaonyesha jinsi ukali wa baba unavyoweza kumharibu binti badala ya kumlinda. Said Ahmed Mohamed naye, katika Utengano ya mwaka wa 1980, alimwonyesha Maimuna aliyefungiwa ndani na babake Maksuudi, mtu anayeheshimiwa hadharani na kuogopwa nyumbani. Ari Katini Mwachofi aliandika tamthilia ya Mama Ee mwaka wa 1987, na mwaka uliofuata Francis Imbuga akachapisha Aminata, ambamo binti aliyerithishwa ardhi na babake anapingwa na jamaa wa kiume.

Nje ya Afrika Mashariki, Mariama Bâ wa Senegal na Buchi Emecheta wa Nigeria walikuwa wamechapisha riwaya zao maarufu mwaka wa 1979. Bâ aliandika juu ya mke aliyeachwa kwa ajili ya mke mdogo. Emecheta aliandika juu ya mama aliyezaa wana wengi akaishia kufa peke yake.

Ukivilinganisha vitabu hivyo utaona kwamba katika vingi mwanamke huvunjika. Anakufa, anapotea, au anabaki na majuto. Tofauti ya Ogola ni kwamba wanawake wake wanaumia, lakini hawavunjiki. Wanaondoka, wanatembea, wanaanza upya. Kwa msichana wa kidato cha tatu, tofauti hiyo si ndogo. Kumwonyesha mtu dhuluma ni hatua ya kwanza. Kumwonyesha kwamba wapo walioivuka ni hatua ya pili, na ndiyo ngumu zaidi kuiandika bila ya kudanganya.

Lawama

Sifa hizo hazina maana kwamba kazi yake haina dosari. Yapo maswali ambayo wahakiki na walimu wa fasihi wamekuwa wakiyauliza.

La kwanza ni kuhusu wanaomwokoa mwanamke. Akoko anaokolewa na serikali ya kikoloni, na Nyabera na misheni. Je, hakukuwa na haki yoyote ndani ya jamii yenyewe? Ogola angeweza kujibiwa kwa kutumia kitabu chake mwenyewe, maana wazee wa Yimbo walimsikiza Akoko alipotoroka mama mkwe. Hata hivyo, ni kweli kwamba riwaya haikai sana na madhara ya ukoloni kwa mwanamke, kama vile kodi na kazi za kulazimishwa zilizowaondoa wanaume nyumbani na kumwachia mke shamba lote.

La pili ni kuhusu Becky, mmoja wa mabinti wa Awiti. Ni mrembo, anaupenda uhuru na pesa, na anafariki kwa Ukimwi. Wapo wanaoona kwamba mwandishi alimwadhibu, na kwamba mwanamume mwenye tabia kama hizo katika riwaya nyingi huachwa aishi. Kwa upande mwingine, daktari wa Cottolengo alikuwa ameziona nyumba nyingi zilizomalizwa na ugonjwa huo, na haikuwa rahisi kwake kuandika ukoo wa Kenya wa miaka hiyo usioguswa nao.

La tatu linahusu imani. Ogola alikuwa Mkatoliki wa dhati. Alihudumu katika tume ya Maaskofu wa Kikatoliki inayoshughulikia afya na maisha ya familia, na aliupinga waziwazi uavyaji mimba. Baadhi ya watetezi wa wanawake hawakukubaliana naye. Yeye aliamini kwamba ndoa na uzazi si minyororo, na kwamba kinachomfunga mwanamke ni kudharauliwa ndani ya ndoa na kuhesabiwa kwa idadi ya wana aliowazaa.

Msomaji anaweza kuukataa msimamo huo na bado akaipenda riwaya. Jambo lisilopingika ni kwamba Ogola hakumwandika mwanamume kuwa adui. Owuor Kembo anampenda mkewe na kumheshimu. Aoro, mwana wa Awiti, anamwoa Wandia, daktari mwenzake kutoka jamii ya Wakikuyu, mwanamke asiyekubali kuachwa nyuma katika masomo. Kwa Ogola, mume bora si yule anayemruhusu mkewe kuwa mtu. Ni yule ambaye halichukulii jambo hilo kuwa ruhusa ya kutolewa.

Vitabu vya mwisho na kifo

Mwaka wa 2002 alitoa I Swear by Apollo, inayoendeleza habari za ukoo wa Akoko na kuingia katika maswali ya maadili ya udaktari. Place of Destiny ilifuata mwaka wa 2005. Mhusika wake mkuu, Amor Lore, ni mwanamke aliyefaulu maishani ambaye anapata habari kwamba ana saratani na lazima ajitayarishe kufa. Riwaya hiyo ilimpa Tuzo ya Jomo Kenyatta kwa mara ya pili, mwaka wa 2007.

Baadaye mwandishi mwenyewe aliugua saratani. Alifariki mwezi Septemba mwaka wa 2011. Riwaya yake nyingine, Mandate of the People, ilichapishwa baada ya kifo chake.

Majuma hayo yalikuwa mazito kwa Kenya. Wambui Otieno, yule mjane wa kesi ya 1987, alikuwa amefariki tarehe 30 Agosti. Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, alifariki tarehe 25 Septemba. Katika muda usiotimia mwezi mmoja, nchi iliwapoteza wanawake watatu waliokataa, kila mmoja kwa njia yake, kuambiwa mahali pa mwanamke ni wapi.

Kilichobadilika, kilichobaki

Mengi yamebadilika tangu Akoko kuandikwa. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, haikumtenga binti na mali ya mzazi wake. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikwenda mbali zaidi, ikakataza ubaguzi wa kijinsia na kuagiza uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi.

Lakini sheria hukaa Nairobi, na shamba hugawanywa kijijini. Mgawanyo huo aghalabu hufanywa na wazee wa ukoo chini ya mti, mbele ya ndugu wa kiume, na binti aliyeolewa huonekana mgeni aliyekuja kuwapora nduguze. Akithubutu kusema, ataitwa mwenye tamaa. Akinyamaza, atasifiwa kwa adabu yake, na ardhi itakwenda.

Kwa sababu hiyo riwaya ya Ogola haijachakaa. Haimpi binti hati ya shamba, wala haimlipii wakili. Inampa mfano wa mwanamke aliyesimama mbele ya wazee akahesabu kazi yake bila ya haya, na ambaye, alipoona hawatamsikiza, alivaa akaenda kutafuta wa kumsikiza.

Katika jamii ambazo majina ya akina mama hayakuandikwa, Dkt Ogola aliandika moja. Wanafunzi waliolisoma darasani Matinyani na kwingineko sasa ni watu wazima. Baadhi yao ni akina baba wenye mashamba na mabinti, na uamuzi wa jinsi ya kuyagawa uko mikononi mwao.